Giuseppe Verdi: Mtunzi wa opera aliyekataliwa chuoni, akawajengea nyumba waimbaji maskini

Katika juma la mwisho la Januari 1901, barabara moja ya katikati ya jiji la Milan, kaskazini mwa Italia, ilitandazwa majani makavu ili kwato za farasi na magurudumu ya magari yasipige kelele. Ghorofani, katika hoteli iliyoitazama barabara hiyo, mzee wa miaka 87 alikuwa amelala bila fahamu baada ya kupatwa na kiharusi. Nje, watu walikusanyika kimya kusubiri habari. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 27 mzee huyo alifariki dunia.

Alikuwa Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera 26, miongoni mwao Nabucco, Rigoletto, La traviata na Aida, ambazo hadi leo huimbwa katika kumbi za mabara yote. Wosia wake uliagiza azikwe kwa unyenyekevu kabisa, bila muziki wala nyimbo. Uliagiza pia kwamba mapato ya kazi zake yaende kwenye nyumba moja aliyoijenga jijini humo, ambayo milango yake ilikuwa bado imefungwa kwa matakwa yake mwenyewe.

Mtu aliyesifika kwa ukali katika mambo ya fedha, aliyebishana na wachapishaji na wenye kumbi juu ya kila senti, alikuwa ameitoa sehemu kubwa ya jasho lake kwa watu ambao wengi wao hakuwajua. Sababu ya uamuzi huo inapatikana katika maisha yake yenyewe.

Mtoto wa muuza duka

Verdi alizaliwa Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto, kwenye tambarare za mto Po. Wakati huo nchi ya Parma ilikuwa chini ya Ufaransa ya Napoleon, ndiyo maana katika daftari la vizazi jina lake liliandikwa kwa Kifaransa: Joseph. Taifa la Italia halikuwepo. Baada ya Napoleon kuanguka, rasi yote iligawanyika katika falme na tawala ndogondogo, baadhi zikiwa chini ya Austria, baadhi chini ya Papa wa Roma, na upande wa kusini ukiwa na mfalme wake huko Naples.

Baba yake, Carlo, alikuwa na nyumba ya wageni na duka dogo la vyakula. Mama yake, Luigia, alikuwa msokotaji wa nyuzi. Wazazi hao hawakuwa mafukara, lakini hawakuwa watu wa kumiliki ala za muziki. Hata hivyo, walipoona jinsi mtoto wao alivyovutwa na kinanda cha kanisani, walimpatia kinanda kikuukuu, ambacho Verdi alikitunza mpaka mwisho wa maisha yake. Angali mtoto, alikabidhiwa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la kijiji. Alipopelekwa kusoma Busseto, alirudi kijijini siku za ibada kutimiza wajibu wake.

Huko Busseto alipata mlezi. Antonio Barezzi alikuwa mfanyabiashara wa vyakula na vileo, mpenzi mkubwa wa muziki na kiongozi wa chama cha wanamuziki wa mji. Alimkaribisha kijana huyo nyumbani kwake, akamtendea kama mwanawe, na mwaka 1832 akasaidia kugharimia safari yake ya Milan ili ajiunge na chuo cha muziki.

Chuo kilimkataa. Verdi alikuwa na miaka 18, ilhali umri uliokubaliwa kwa wanafunzi wapya ulikuwa mdogo zaidi. Aidha, alitoka Parma, kwa hiyo mbele ya sheria za Milan alihesabiwa kuwa mgeni. Waliomtahini waliona pia kwamba namna yake ya kuweka mikono kwenye piano ilikuwa na kasoro ambayo kwa umri wake ingekuwa vigumu kuirekebisha. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Leo hii chuo hichohicho kinaitwa kwa jina lake.

Barezzi hakukata tamaa. Aliendelea kutoa fedha, na Verdi akasoma kwa mwalimu wa binafsi, Vincenzo Lavigna, aliyewahi kufanya kazi katika ukumbi mashuhuri wa La Scala. Mwaka 1836 alirudi Busseto kuwa mwalimu wa muziki wa mji, akamwoa Margherita, binti wa mfadhili wake.

Biashara ya sauti

Sanaa aliyotaka kuingia ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa huku okestra ikipiga, ilianzia Florence mwishoni mwa karne ya 16, miongoni mwa wasomi waliotaka kufufua tamthilia za Wagiriki wa kale. Mwaka 1607 Claudio Monteverdi aliwasilisha Orfeo katika kasri la Mantua, kazi ambayo ni miongoni mwa opera za kale zaidi zinazoimbwa hadi sasa. Kwa miongo michache opera ilibaki burudani ya makasri. Kisha, mwaka 1637, ukumbi wa kwanza wa opera wenye kuuza tiketi kwa umma ulifunguliwa Venice, na tangu hapo sanaa hiyo ikawa biashara.

Kufikia zama za Verdi, karibu kila mji wa Italia ulikuwa na ukumbi wake. Familia tajiri zilimiliki vyumba vidogo vya kutazamia, vilivyopangwa ghorofa juu ya ghorofa kuuzunguka ukumbi. Humo zilipokea wageni, zilikula, zilijadili siasa na ndoa, na mara nyingine zilinyamaza tu mwimbaji maarufu alipotokea. Watu wa kawaida walikaa chini au juu kabisa karibu na dari, na hao ndio waliokuwa wepesi wa kushangilia na wepesi wa kuzomea.

Katika biashara hiyo, mwendesha maonyesho ndiye aliyekodi ukumbi, akaajiri waimbaji na kuagiza kazi mpya. Waimbaji wakubwa walilipwa vizuri kuliko yeyote. Mtunzi alilipwa ada yake mara moja, na baada ya hapo kazi yake ilizunguka mji hadi mji bila yeye kupata chochote. Wanakili waliiba nota, na wenye kumbi walikata nyimbo walizoona ndefu na kuingiza nyingine zisizohusika. Watunzi waliishi kwa kuandika haraka: Gaetano Donizetti, aliyekuwa nyota wakati Verdi anaanza, aliandika takribani opera 70 kabla ya kufariki mwaka 1848, akili ikiwa imemtoka.

Nyuma ya nyota hao kulikuwa na mamia ya wanakwaya na wapiga ala walioishi kwa ujira wa msimu mmoja mmoja. Sauti ilipokwisha au vidole vilipokakamaa, hakukuwa na pensheni.

Makaburi matatu

Agosti 1838 Verdi na Margherita walimzika binti yao Virginia, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Baadaye mwaka huo Verdi aliandika barua ya kujiuzulu kazi yake ya Busseto, na mwanzoni mwa 1839 familia ikahamia Milan na mtoto wa pili, Icilio. Oktoba mwaka huo, Icilio naye alifariki kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Novemba, opera ya kwanza ya Verdi, Oberto, ilionyeshwa La Scala na kupokewa vizuri.

Bartolomeo Merelli, mwendesha maonyesho wa La Scala, alimpa mkataba wa kazi nyingine tatu, na ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ya kuchekesha. Verdi alikuwa angali akiiandika pale Margherita alipougua homa ya ubongo. Alifariki Juni 1840, akiwa na miaka 26. Mkataba haukusubiri msiba. Opera hiyo ya vichekesho, Un giorno di regno, ilionyeshwa mwezi Septemba mbele ya hadhira iliyoizomea, ikaondolewa baada ya usiku mmoja tu.

Akiwa na miaka 26, Verdi alikuwa amepoteza familia yake yote, na aliamua kuacha kutunga. Kwa simulizi aliyoitoa mwenyewe miaka mingi baadaye, Merelli alikutana naye jioni moja ya baridi na kumtia mkononi karatasi za maneno ya opera yaliyoandikwa na Temistocle Solera, akimsihi ayasome tu. Nyumbani Verdi alizitupa mezani, zikafunguka, na macho yake yakaangukia maneno ya Waebrania waliochukuliwa mateka Babeli, wakiikumbuka nchi yao iliyopotea. Yaelekea mzee huyo aliipamba kidogo hadithi yake. Jambo lisilo na shaka ni kwamba tarehe 9 Machi 1842 Nabucco ilionyeshwa La Scala, na ilipofika msimu wa vuli ikarudiwa mara 57, idadi ambayo ukumbi huo haukuwa umewahi kuishuhudia.

Kwaya ya watumwa wa Kiebrania katika opera hiyo baadaye ilikuja kuhesabiwa kama wimbo wa Waitalia waliotaka kujikomboa. Wanahistoria wa siku za karibuni wameonyesha kwamba sifa hiyo ilikua taratibu, na kwamba usiku wa kwanza haukuwa na ghasia za kizalendo kama zinavyosimuliwa. Hata hivyo, mwaka 1859, vita dhidi ya Austria vilipokaribia, jina la mtunzi liliandikwa kutani: herufi za Verdi zilikuwa pia herufi za mwanzo za maneno ya Kiitaliano yenye maana ya Vittorio Emanuele, Mfalme wa Italia. Aliyeliandika alionekana kumsifu mwanamuziki, kumbe alikuwa akimtaja mfalme ambaye Austria haikutaka kumsikia.

Mwanamke aliyepoteza sauti

Sehemu ngumu zaidi ya kike katika Nabucco, ile ya Abigaille, iliimbwa na Giuseppina Strepponi. Alikuwa na miaka 26 tu, lakini sauti yake ilikuwa tayari imeanza kuchakaa. Baba yake, aliyekuwa mtunzi, alikufa mwaka 1832, na binti huyo akabeba mzigo wa kumlisha mama na wadogo zake. Aliimba msimu baada ya msimu, mara nyingi akiwa mgonjwa au mjamzito, kwa kuwa kukosa onyesho kulikuwa na maana ya kukosa chakula. Mwaka 1846, akiwa na miaka 30, aliliacha jukwaa na kwenda Paris kufundisha uimbaji.

Verdi alimkuta huko mwaka uliofuata, na hawakuachana tena. Waliporudi Busseto kuishi pamoja bila ndoa, mji mzima ulinong'ona. Ilijulikana kwamba Giuseppina alikuwa amezaa watoto nje ya ndoa, na kanisani watu walikwepa kukaa karibu naye. Hata Barezzi aliona haya. Verdi alimwandikia mzee huyo barua yenye heshima lakini isiyoyumba, akieleza kwamba nyumbani kwake anaishi mwanamke huru asiyewajibika kutoa maelezo kwa mtu yeyote, naye pia hakuwa na maelezo ya kutoa. Baada ya muda Barezzi alimpenda Giuseppina kama binti. Wawili hao walifunga ndoa ya faragha mwaka 1859.

Wakati huo huo Verdi alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Kati ya 1839 na 1853 aliandika opera 18. Tatu za mwisho kati ya hizo ndizo zilizolifanya jina lake lisifutike: Rigoletto ya mwaka 1851, kisha Il trovatore na La traviata za mwaka 1853.

Kila moja ilimweka mbele ya hadhira mtu ambaye jamii ilizoea kumdharau: mchekeshaji mwenye kibyongo katika Rigoletto, mwanamke wa Kiroma katika Il trovatore, na katika La traviata mwanamke wa Paris anayeishi kwa fedha za wanaume. Huyo wa mwisho anakubali kumwacha ampendaye ili kulinda jina la familia yao, kisha anakufa kwa kifua kikuu. Katika Rigoletto na La traviata kuna baba na mtoto ambao hawawezi kuokoana. Verdi hakusema kwamba aliandika juu ya makaburi yake matatu, lakini mada hiyo haikumtoka mpaka uzeeni.

Wadhibiti wa serikali walimfuata kila mahali. Rigoletto ilitokana na tamthilia ya Victor Hugo iliyopigwa marufuku Paris kwa sababu ya kumwonyesha mfalme kama mzinzi. Huko Venice, mji uliokuwa chini ya Austria, ilibidi mfalme ageuzwe kuwa mwana wa mfalme mdogo wa Mantua ndipo ruhusa itolewe. Opera nyingine, Un ballo in maschera, ilihusu mfalme wa Sweden aliyeuawa, na ilipohamishiwa Roma mwaka 1859 kisa chake kilihamishwa kikapelekwa Boston, ng'ambo ya Atlantiki, ambako hakukuwa na mfalme wa kukasirika.

Haki ya jasho lake

Ni katika miaka hiyo Verdi alijipatia sifa ya ukali wa fedha. Akishirikiana na nyumba ya uchapishaji ya Ricordi ya Milan, alishikilia kwamba nota zisiuzwe moja kwa moja, bali zikodishwe, na kwamba kila ukumbi unapozikodi, mtunzi apate fungu lake. Alitaka adhabu kwa ukumbi utakaokata au kuongeza wimbo. Alifuatilia maonyesho ya wizi hadi nje ya nchi. Mwaka 1865 Italia, iliyokuwa imeungana miaka minne tu kabla, ilipitisha sheria yake ya kwanza ya hakimiliki kwa nchi nzima, na utaratibu wa mirabaha ukapata nguvu ya kisheria.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kwa sanaa yenyewe. Mtunzi anayelipwa kila kazi yake inapoimbwa hana haja ya kuandika opera mbili kwa mwaka. Baada ya 1853 Verdi aliandika polepole, kazi moja kwa miaka kadhaa. Fedha alizipeleka Sant'Agata, shamba alilolinunua karibu na Busseto, ambako alipanda miti, alifuga ng'ombe na farasi, na kujitambulisha kama mkulima. Mwaka 1861, kwa kushawishiwa na waziri mkuu Cavour, aliingia katika bunge la kwanza la Italia, ingawa hakuwa na hamu ya siasa na aliondoka baada ya muhula mmoja.

Kutoka Cairo hadi nyanda za Ethiopia

Mnamo Novemba 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Ismail Pasha, Khedive wa Misri, alitaka dunia ione kwamba nchi yake ni ya kisasa, na alikuwa amejenga jijini Cairo ukumbi wa opera uliofunguliwa mwanzoni mwa mwezi huo kwa Rigoletto. Alimwomba Verdi atunge utenzi kwa ajili ya sherehe, naye akakataa. Mwaka uliofuata aliletewa kisa kilichoandikwa na Auguste Mariette, Mfaransa aliyesimamia mambo ya kale ya Misri: Aida, binti wa mfalme wa Ethiopia, ametekwa na kufanywa mtumwa Misri, na anampenda jemadari anayetumwa kuipiga nchi yake.

Safari hii Verdi alikubali, kwa masharti yake. Alidai faranga 150,000, na Khedive akapata haki za Misri peke yake. Haki za nchi nyingine zote zilibaki kwa mtunzi. Maonyesho yalipangwa kuanza Januari 1871, lakini mavazi na mapambo yalikuwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia. Aida ilisubiri hadi tarehe 24 Desemba 1871. Verdi hakwenda Cairo. Hakupendezwa na habari kwamba viti vilijazwa na wakuu wa serikali, mabalozi na wageni walioalikwa. Kwake, onyesho la kweli la kwanza lilikuwa lile la La Scala mwezi Februari 1872.

Kwa wakazi wa sehemu hii ya Afrika, habari hiyo haikuishia jukwaani. Mwaka 1872 Mwingereza Samuel Baker, akiwa katika utumishi wa Ismail, alipandisha bendera ya Misri huko Masindi, katika ufalme wa Bunyoro ulioko Uganda ya leo, kabla ya kulazimika kurudi nyuma. Mwaka 1875 meli za Ismail zilitia nanga Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na majeshi yake yakaondoka baada ya Uingereza kuingilia kati. Mwaka huo huo Ismail alituma jeshi kupigana na Ethiopia. Katika opera aliyoigharimia, Misri inashinda na mateka wa Kiethiopia wanapitishwa mbele ya Farao huku tarumbeta zikilia. Katika uwanja wa vita mambo yalikuwa kinyume: majeshi yake yalivunjwa na Mfalme Yohannes wa Nne huko Gundet Novemba 1875, na tena huko Gura Machi 1876. Gharama za vita na madeni ya miradi yake zilimlemea Ismail. Aliondolewa madarakani mwaka 1879, na miaka mitatu baadaye Uingereza ikaikalia Misri kwa nguvu.

Msomi wa Kipalestina Edward Said aliieleza Aida, katika karne ya 20, kuwa kazi isiyoweza kutenganishwa na utawala wa Ulaya juu ya nchi nyingine, kwa kuwa Misri yake ni ile iliyofikiriwa na Wazungu. Kwa zaidi ya miaka mia waimbaji wa Kizungu walijipaka rangi nyeusi ili kumwigiza Aida, desturi ambayo kumbi kadhaa kubwa zimeachana nayo katika miaka ya karibuni. Lakini opera hiyo ilipata pia wenyewe wapya. Leontyne Price, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Mississippi wakati wa ubaguzi wa rangi, aliifanya sehemu ya Aida kuwa yake, na mwaka 1985 aliitumia kuliaga jukwaa la opera jijini New York. Ukumbi wa Ismail uliteketea kwa moto mwaka 1971. Mwingine ulifunguliwa Cairo mwaka 1988.

Uzee na kazi ya mwisho

Baada ya Aida, na baada ya misa kubwa ya wafu aliyoitunga mwaka 1874 kumkumbuka mwandishi Alessandro Manzoni, Verdi alionekana kuwa amestaafu. Ilichukua miaka ya ushawishi wa mchapishaji wake na wa mshairi Arrigo Boito kumrudisha mezani. Mwaka 1887, akiwa na miaka 73, alitoa Otello. Mwaka 1893, akikaribia miaka 80, alitoa Falstaff. Zote zilitokana na Shakespeare, na ya pili ilikuwa ya kuchekesha, miaka 53 baada ya kuzomewa kwa ile iliyoandikwa wakati wa msiba.

Wakati Boito akimwandikia maneno, ndugu yake Camillo, aliyekuwa msanifu majengo, alimchorea kitu kingine. Mwaka 1889 Verdi alinunua kiwanja nje ya kuta za zamani za Milan, na ujenzi ulianza miaka michache baadaye. Ilikuwa nyumba ya kupumzikia wanamuziki wazee wasio na kitu: waimbaji, wapiga ala, wanakwaya, watu ambao kazi yao iliwalisha wengine ilhali wao hawakuweka akiba. Verdi hakutaka iitwe makao ya maskini. Aliwaita watakaoishi humo wageni wake, na aliangalia mwenyewe mipango ya vyumba. Giuseppina, mwimbaji aliyeishiwa sauti akiwa na miaka 30, alifariki Novemba 1897 kabla ujenzi haujakamilika.

Nyumba ilikuwa tayari mwaka 1899, lakini Verdi alikataa ifunguliwe wakati yeye yu hai, kwa kuwa hakutaka kushukuriwa. Wageni wa kwanza waliingia mwaka 1902, tarehe 10 Oktoba, siku ya kuzaliwa kwake. Kwa miongo kadhaa walitunzwa kwa mirabaha ya Rigoletto, La traviata, Aida na nyinginezo, zile haki ambazo mwenye nazo alilaumiwa kwa kuzipigania.

Mazishi yake ya Januari 1901 yalifanyika alfajiri bila wimbo, kama alivyotaka. Mwezi mmoja baadaye, majeneza ya mume na mke yalipohamishwa kutoka makaburi ya mji hadi katika nyumba hiyo, mamia ya maelfu ya watu walijipanga barabarani, na kwaya ya waimbaji takribani 800 chini ya uongozi wa Arturo Toscanini iliimba wimbo wa watumwa wa Kiebrania.

Verdi na Giuseppina wamelala hapo hadi leo, chini ya kanisa dogo lililoko uani. Juu yao, wazee waliowahi kuimba au kupiga ala katika kumbi mbalimbali wanaishi pamoja na wanafunzi wachache wa muziki waliokaribishwa kukaa nao, na katika vyumba vya jengo hilo piano zinaendelea kusikika.